Bima ya boti ya mbao: ile rahisi ya benki, au ile ghali ya dalali?

SWALI

Washauri, salaam.

Nina boti ya mbao ya mita 13, yenye injini ya nje ya Yamaha, nguvu za farasi 40. Inapakia dagaa na mawese kutoka Buhingu na Kalya kuja Kibirizi, na mzigo ukipatikana huvuka hadi Kalemie mara tatu au nne kwa mwaka. Mimi na fundi tumeithaminisha milioni 24: boti yenyewe 13, injini 9, nanga, kamba, turubai na vifaa vingine 2.

Nimekopa benki, na benki inataka boti iwe na bima. Wakala anayekaa pale pale benki ameniandikia thamani ya milioni 15, ada asilimia 1.5, pamoja na VAT jumla 265,500. Hasara italipwa kwa thamani ya soko, eksesi (sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe) ni asilimia 10 ya kila dai lakini isipungue 500,000, na eneo ni "maji ya Tanzania".

Dalali wa Dar es Salaam ameniletea ya pili, kutoka kampuni nyingine: thamani iliyokubaliwa ya milioni 24, ada asilimia 2.5, na VAT jumla 708,000. Eksesi ni 500,000 tu. Eneo ni "Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, na Bujumbura".

Mwaka jana jirani yangu mwaloni alidai injini iliyodondoka ziwani, akanyimwa. Mwingine boti yake ilipigizwa kwenye mawe, akalipwa kama nusu, tena baada ya kuzungushwa miezi. Sasa watu wanasema bima ya majini ni sadaka. Nichague ipi? Na siku ya balaa nifanye nini nisizungushwe?

Mwenye boti, Ujiji

JIBU

Ndugu yetu wa Ujiji, chukua ya dalali. Ila usilipe bado. Hata hiyo ina mambo matatu ya kurekebisha kwanza, na moja kati ya hayo ndilo lililomponza jirani yako.

Tuanze na hesabu. Tofauti ya ada ni 442,500 kwa mwaka, na kwa mtu mwenye mkopo hizo si fedha za kudharau. Sasa chukua hasara ya kawaida kabisa ya ziwa hili: kusi ya Julai imeikuta boti ufukweni usiku, ikaipigiza kwenye mawe. Mbao za ubavu zimepasuka, mataruma mawili (mbavu za boti) yamekatika, mguu wa injini umepinda. Fundi anataka 6,400,000. Kampuni ya benki itakuambia: boti ina thamani ya milioni 24, umeikatia bima ya milioni 15, kwa hiyo milioni 9 zilizobaki umejikatia bima mwenyewe. Italipa 15 kwa 24 ya hasara, yaani 4,000,000. Kisha inatoa eksesi. Asilimia 10 ya hizo ni 400,000, lakini imeandikwa isipungue 500,000, basi zinatoka 500,000. Unabaki na 3,500,000. Kwa mkataba wa dalali hasara ile ile inakupa 5,900,000. Tofauti ni milioni 2.4 kwa ajali moja, na hiyo inazidi tofauti ya ada ya miaka mitano.

Yule wa pili aliyelipwa "kama nusu" huenda ndiko alikokwama. Watu wa bima huiita kanuni ya wastani. Si dhuluma, imo kwenye mkataba, ila wakala anayeshusha thamani ili ada ionekane tamu anapaswa kumweleza mteja maana yake kabla hajatia sahihi. Wengi hawaelezi.

Suala la thamani iliyokubaliwa lina uzito wa pekee kwa boti za mbao. Gari lina bei inayojulikana sokoni. Boti ya mbao ya mita 13 iliyochongwa na fundi wa Katonga au Ujiji haina bei ya kwenye orodha, kwa hiyo "thamani ya soko" ni chochote atakachoandika mkadiriaji, na atakiandika wakati boti imeshapotea na wewe huna pa kumwonyesha. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozidi, na hata karibu na Kigoma mteremko ni wa ghafla. Chombo kikizama nje kidogo, hakuna mpiga mbizi wa kwenda kukitazama. Thamani ikikubaliwa mwanzoni, mjadala huo haupo: boti imepotea yote, malipo ni milioni 24 toa eksesi, kama mkataba unaitoza hata kwa upotevu wa jumla. Mingine haiitozi. Uliza.

Sasa hayo matatu ya kurekebisha.

La kwanza ni matumizi. Mikataba ya boti ndogo mara nyingi hunakili vifungu vilivyotungwa London. Ukiona juu ya karatasi pameandikwa Institute Yacht Clauses 1/11/85, ujue vimeandikwa kwa ajili ya boti za starehe binafsi, na boti inayobeba mizigo kwa malipo haimo mpaka kampuni ikubali kwa maandishi. Kuna vingine vya uvuvi, Institute Fishing Vessel Clauses 20/7/87, lakini boti yako haivui, inabeba. Mwambie dalali aweke nyongeza inayosema wazi: boti ya mbao, usafirishaji wa mizigo kwa biashara, hakuna abiria. Na kama huwa unachukua abiria wawili watatu juu ya magunia, ama uache, ama uwaseme. Hapo katikati hapana pa kusimama.

Fomu ya maombi isome mwenyewe, usimwachie wakala aijaze nawe utie sahihi chini. Umri wa boti, mbao zilizotumika, ajali za nyuma, mahali inapolala, nani nahodha: yote ni maswali ambayo jibu la uongo, hata la bahati mbaya, huipa kampuni sababu ya kuukana mkataba mzima. Wakala akiandika boti ina miaka mitatu nayo ina tisa, fomu ina sahihi yako, haina yake. Omba nakala ya fomu iliyojazwa, si ya mkataba peke yake.

La pili ni mipaka ya safari. Kalemie haimo katika mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Boti ikizama ikiwa upande wa Kongo, au hata ikirudi kutoka huko, kampuni ina haki ya kukataa, na hakuna hoja itakayoliokoa dai lako. Wewe unavuka mara tatu au nne kwa mwaka, kwa hiyo kuna njia mbili: eneo lote lipanuliwe hadi Kalemie kwa mwaka mzima, au paandikwe kwamba utatoa taarifa kabla ya kila safari na kulipa nyongeza ya ada ya safari hiyo. Ya pili huwa rahisi kwa fedha, lakini inadai nidhamu. Ujumbe wa "kesho navuka" uliotumwa boti ikiwa imeshafika katikati ya ziwa hautakusaidia.

Kuvuka kunaleta jambo jingine. Vifungu hivyo vya London hutenga vita, uasi, na chombo kukamatwa au kuzuiliwa, lakini uharamia hautengwi. Watu wenye silaha wakiwapora injini usiku, swali litakuwa: walikuwa majambazi au waasi? Mabaharia wako wakienda polisi waseme walichokiona: watu wangapi, boti ya namna gani, silaha gani, lugha gani, saa ngapi, walichukua nini. Wasikisie ni akina nani. Neno moja la kubahatisha kwenye maelezo ya polisi linaweza kuhamisha dai zima kutoka upande unaolipwa kwenda upande uliotengwa.

La tatu ni injini, na hapa tukae kidogo, maana ndiyo mali inayopotea upesi kuliko zote.

Vifungu vya yacht vinasema waziwazi kwamba injini ya nje iliyodondoka majini hailipwi. Hivyo jirani yako alinyimwa kwa kilichoandikwa, hata kama hakuna aliyemsomea. Sababu ya kifungu hicho ni kwamba injini haidondoki bila uzembe fulani: skrubu za kubania zimelegea kwa mtikisiko, au ubao wa tezi, ule wa nyuma ya boti, unaoibeba umeoza kwa ndani huku rangi ikiwa nzuri kwa nje. Kwa hiyo omba nyongeza ya kudondoka. Baadhi ya kampuni hukubali kwa ada kidogo zikiona injini imefungwa sawasawa. Zikikubali au zisikubali, fanya haya: skrubu mbili za kubania zisitegemewe peke yake, weka na boliti nne zinazopita ubao wa tezi upande hadi upande, na washa pana za chuma kwa ndani ili nati isizame kwenye mbao. Nati ziwe za kujifunga, zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, kisha kila mwezi. Toboa tundu dogo kwenye ubao karibu na boliti uone unga wa mbao unaotoka. Ukiwa mweusi na wenye unyevu, ubao umekwisha. Halafu mnyororo au waya wa chuma kutoka kwenye mabano ya injini hadi kwenye taruma, si kwenye ubao ule ule wa tezi. Watu wengi hufunga mnyororo kwenye ubao wa tezi. Ubao ukiachia, vinakwenda vyote.

Wizi nao una sharti lake: injini iwe imefungwa kwenye boti kwa kifaa cha kuzuia wizi, mbali na ile namna yake ya kawaida ya kufungwa. Skrubu na boliti hazihesabiwi. Nunua kufuli ya boliti au kasha la chuma linalofunika vishikio vya skrubu, tunza risiti yake na upige picha ikiwa imefungwa. Kama injini hulala nyumbani au stoo, sema hivyo kwenye fomu, na ujue kwamba ikiibiwa huko utatakiwa kuonyesha dalili za kuvunja: kufuli iliyokatwa, bawaba iliyong'olewa. Mlango uliokutwa wazi hautoshi.

Namba ya injini iko kwenye kibati kwenye mabano ya kufungia. Ipige picha ikisomeka, na risiti ya kununulia ipigwe picha pia, maana karatasi ya mashine hufutika ndani ya mwaka mmoja. Kisha uliza makato ya uchakavu. Vifungu hivyo hivyo huiruhusu kampuni kukata hadi theluthi moja kwenye malipo ya injini ya nje. Kwa injini yako ya milioni 9 ni milioni 3. Dalali mzuri anaweza kulifuta hilo kwa injini yenye chini ya miaka miwili.

Wenye boti za kasi za fiberglasi wanaosoma hapa wajue wao wana kifungu cha ziada. Chombo kilichoundwa kufikia noti 17, kama kilomita 31 kwa saa, hakilipwi kikizama au kukatika nanga kikiwa kimeachwa bila mtu mbele ya ufukwe ulio wazi kwa mawimbi. Boti yako yenye mzigo haifiki kasi hiyo, lakini hakikisha kifungu hicho hakikubandikwa kwako kwa mazoea, kwa sababu Kibirizi ndiyo tafsiri yenyewe ya ufukwe ulio wazi.

Kuhusu cheti cha ukaguzi cha TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, tuseme kidogo tu: kiwe hai siku zote za bima. Andika tarehe ya kuisha kwake kwenye kalenda, kwa sababu mara nyingi huisha katikati ya mwaka wa bima na hakuna atakayekukumbusha. Uzito na idadi ya watu walioandikwa humo ndio mpaka wako. Boti ya tani tano iliyozama na tani nane ni dai lililokufa, na wapakizi wa Buhingu wataulizwa walipakia magunia mangapi.

Sasa kampuni yenyewe. Kwanza hakikisha ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na dalali naye ana yake. Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya kampuni, usilipe kwenye simu ya mtu. Bima haianzi mpaka ada ilipwe, na ada iliyokaa kwenye simu ya wakala siku kumi ni siku kumi ambazo boti haikuwa na bima. Ukishalipa, dai hati yenye namba na uihakiki kwenye mfumo wa TIRA kabla boti haijatoka.

Ujue pia tofauti ya wakala na dalali. Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali anakuwakilisha wewe, ingawa kamisheni yake inatoka kwenye ada ile ile. Siku ya dai tofauti hiyo huonekana: dalali anaweza kubishana na kampuni kwa niaba yako, na wakala wa benki atakupa namba ya simu ya makao makuu.

Ukiwauliza wenye boti wa Kibirizi au Katonga kuhusu kampuni, usiulize "wanalipa?" Kila kampuni inalipa kitu kwa mtu. Uliza dai lilikuwa la nini, lilikuwa la kiasi gani na kilitoka kiasi gani, siku ngapi zilipita tangu karatasi ya mwisho ipelekwe, na ni karatasi gani iliyoombwa mara mbili. Nawe iombe kampuni majibu ya maswali mawili: nani atakuja Kigoma kukagua, na kwa siku ngapi? Kigoma na Dar es Salaam zimeachana zaidi ya kilomita 1,200. Kampuni isiyo na mkaguzi wa karibu itamsubiri mtu wake apate nafasi, na boti itakuwa ufukweni ikipigwa jua na kuachia maungio. Swali la pili: mmewahi kukatia bima boti za mbao, au za fiberglasi na chuma tu? Akisita, umeshapata jibu.

Mambo ambayo bima hii haiyafikii, tuyapitie haraka. Mzigo si boti: dagaa na mawese vina bima yake. Mabaharia nao si boti. Kama umewaajiri, waandikishe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako mwajiri huchangia asilimia 0.5 ya mishahara, maana mtu aliyekatwa vidole na propela halipwi na bima ya chombo. Hasara utakazowasababishia wengine, kama kugonga boti ya jirani, zinataka kifungu chake. Hakikisha kimo na kina kikomo cha kiasi gani. Na kuna jambo la ada ya kipindi boti imepumzika. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na boti nyingi za dagaa zililala. Mkataba wenye kifungu cha kurejesha sehemu ya ada kwa chombo kilichopandishwa nchi kavu ungerudisha kitu, lakini kwa aliyetoa taarifa kabla ya kupandisha.

Siku ya balaa.

Watu kwanza, kisha punguza hasara. Hilo la pili si hiari: mkataba unakutaka ufanye kama mtu asiye na bima. Gharama za busara za kuvuta boti, kukodi pampu au kuweka walinzi hurudishwa, mradi uwe na karatasi. Aliyekuvuta akiwa hana risiti, mwandikishe kwenye daftari: jina, simu, kazi aliyofanya, kiasi, tarehe, sahihi.

Injini iliyozama ndipo watu hupoteza fedha nyingi bila kujua. Kama ilikuwa inazunguka ilipoingia maji, usiivute kamba kwa nguvu. Maji ndani ya silinda hayabonyei, na mkono wa pistoni unaweza kuwa umepinda. Toa plagi kwanza, ielekeze matundu chini, zungusha polepole kwa mkono. Ukisikia inakwama au inasaga mchanga, acha, ipeleke kwa fundi ifunguliwe. Ikizunguka laini, mwaga maji, safisha kabureta na tangi, mimina oili kwenye silinda, rudisha plagi kavu na iwashwe siku ile ile. Kama fundi hapatikani mpaka kesho, ni afadhali ibaki imezamishwa kwenye pipa la maji safi kuliko kukaa hewani, kwa sababu kutu ya beringi huanza pale chuma chenye maji kinapopata hewa. Injini iliyolala mchangani siku tatu ikimsubiri mkadiriaji italipwa hasara ya kuzama, na kutu itaachwa kwako.

Taarifa kwa kampuni: piga simu, kisha siku hiyo hiyo tuma maandishi, hata ya WhatsApp, ukitaja namba ya mkataba, mahali, saa na kilichotokea. Maandishi yana saa yake, simu haina. Polisi upate namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako. TASAC ipewe taarifa ya ajali. Kama sababu ni dhoruba, iombe Mamlaka ya Hali ya Hewa taarifa ya siku hiyo. Kampuni haiwezi kubishana kirahisi na kipimo cha upepo.

Usianze matengenezo kabla ya ukaguzi, isipokuwa kuziba kwa muda ili boti isiharibike zaidi. Piga picha kabla ya kusogeza chochote: ya mbali inayoonyesha ufukwe, ya kati, na ya karibu yenye rula au kidole cha mtu. Vipande vilivyovunjika vifungwe kwenye gunia, visichomwe kupikia chai. Mkadiriaji anapoitazama mbao hutafuta rangi. Mpasuko mpya ni mweupe na nyuzi zake zimechanika. Ufa wa zamani ni mweusi, una uchafu au ukijani ndani. Misumari iliyokatika karibuni inang'aa, ya zamani ni kutu tupu. Hapo ndipo anapoamua kama ni ajali au uchakavu, na uchakavu haulipwi. Dawa yake ni daftari la matengenezo: tarehe ya kutia kalafati (kuziba maungio ya mbao), mbao zilizobadilishwa, rangi, jina la fundi, pamoja na picha ya boti ikiwa juu ya magogo kila inapopandishwa. Picha hizo zisikae kwenye simu ya nahodha tu. Simu nayo huzama.

Makadirio ya fundi yawe mawili, kutoka kwa mafundi tofauti, na yachambuliwe: mbao ngapi, za urefu gani, kilo ngapi za misumari, pamba ya kalafati, rangi, siku za kazi na ujira wa siku. Karatasi iliyoandikwa "matengenezo ya boti 6,400,000" ni mwaliko wa kupunguziwa.

Karatasi zote zipeleke kwa mkupuo mmoja: fomu ya madai, mkataba, risiti ya ada, cheti cha TASAC, RB, taarifa ya hali ya hewa, picha, makadirio, risiti za uokoaji. Andika barua ya kufunikia yenye orodha, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kuzungushwa miezi mara nyingi huanzia hapa, karatasi inapopelekwa moja leo na nyingine baada ya wiki mbili, na kila mara faili inarudi chini ya rundo.

Ukiletewa hati ya kukubali malipo, soma kama imeandikwa kuwa ni malipo ya mwisho na kamili. Ukitia sahihi, dai limefungwa. Kama fundi hajafungua sakafu na hujui hali ya mkuku (uti wa chini wa boti), omba kwanza ukaguzi wa nyongeza, au paandikwe kwamba uharibifu utakaoonekana baada ya kufungua utaongezwa. Na boti ikilipwa kama imepotea yote, mabaki ni ya kampuni. Usiuze injini iliyookolewa kabla hamjakubaliana nayo.

Wakikataa, dai barua inayotaja namba ya kifungu walichokitegemea. "Dai lako halikidhi vigezo" si jibu. Ukiwa na kifungu, andika malalamiko kwa uongozi wa kampuni. Ikishindikana, TIRA, ambayo ina ofisi za kanda, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakama iwe ya mwisho, kwa boti ya thamani hii wakili anaweza kula ulichokidai.

Kuhusu benki: waulize kwa maandishi kama wanakubali bima ya kampuni nyingine yenye leseni, na wakikubali, jina lao liingizwe kwenye mkataba kama mwenye maslahi. Maana yake malipo ya upotevu wa jumla yatapita kwao kwanza, wakate deni, ndipo kinachobaki kije kwako. Omba paandikwe kwamba malipo ya matengenezo madogo yaje kwako moja kwa moja, la sivyo hata fedha za mbao mbili zitakaa benki zikisubiri kikao. Nakala moja ya mkataba wape wao, nyingine iweke nyumbani. Ile ya kwenye boti iwe ya tatu.